Meza Moja, Likizo Mbili: Askari Wastaafu katika Kazi za Kiraia za Jeshi la Marekani



Karibu na mji wa Oklahoma City, nchini Marekani, iko kambi ya ndege za kijeshi iitwayo Tinker. Humo maelfu ya mafundi hutengeneza injini na miili ya ndege za jeshi, na wengi wao si askari. Huvaa nguo za kazi za kiraia, hulipwa na serikali kama watumishi wengine, na jioni hurudi majumbani kwao. Lakini ukiwauliza walikojifunza kazi yao, si wachache watakaokujibu kwamba zamani walivaa sare.

Tuwachukue wawili kwa mfano. Wa kwanza alitumika jeshini miaka 4, katika kambi moja ya Kansas, akiandika hati kwa mashine ya taipu, kisha akaliaga jeshi. Wa pili alitumika miaka 20, mmoja kati ya hiyo katika vita vya Vietnam, akastaafu akiwa sajini. Tuseme waliajiriwa siku ile ile, mwaka 1975, katika karakana ile ile, kwa kazi moja na mshahara mmoja. Yule wa miaka 4 alipewa likizo ya siku 20 kwa mwaka. Yule wa miaka 20 alipewa siku 13.

Niliposoma hesabu hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani mwandishi amegeuza tarakimu. Hakugeuza kitu. Ndivyo sheria ilivyoamuru, na aliyeiandika hakuwa mwendawazimu wala adui wa askari. Alikuwa na sababu zake, na sababu hizo zina historia ndefu inayostahili kusimuliwa, kwa maana ndani yake limo swali ambalo kila nchi yenye jeshi hukutana nalo: fedha anazopewa askari baada ya kustaafu ni nini hasa? Je, ni mshahara wa kazi anayoendelea kuifanya, au ni deni la kazi aliyokwisha kuifanya?

Mwaka 1882 Mahakama Kuu ya Marekani ilipelekewa shauri la afisa mstaafu aitwaye Tyler. Huyu alidai kwamba nyongeza ya mshahara iliyotolewa kwa askari kila baada ya miaka mitano imhusu na yeye, ingawa alikuwa amekwisha kustaafu. Mahakama ikamkubalia. Ilisema kwamba afisa aliyestaafu bado yumo katika jeshi: jina lake lipo katika orodha, huweza kuvaa sare, huweza kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kwa hiyo alichopewa kila mwezi kilikuwa ujira wa mtu aliyemo kazini, ijapokuwa kazi yenyewe imepungua. Bila shaka Tyler alifurahi siku ile. Hakujua kwamba hoja iliyomshindia shauri ndiyo itakayowabana maafisa wenzake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kwa maana ikiwa mstaafu bado anashika cheo na kulipwa kwa ajili yake, basi akiajiriwa pia katika ofisi ya serikali atakuwa na vyeo viwili na mishahara miwili kutoka mfuko mmoja. Tarehe 31 Julai 1894 Bunge la Marekani likatunga sheria kwamba mtu mwenye cheo chenye mshahara wa dola 2,500 kwa mwaka asishike cheo kingine cha kulipwa na serikali. Maafisa wastaafu wakaingia katika wavu huo. Lakini tazameni tundu lililoachwa: sheria haikumhusu afisa mstaafu aliyechaguliwa na wananchi, wala yule aliyeteuliwa na Rais kwa idhini ya Seneti. Jenerali mstaafu aliyefanywa balozi aliweza kuendelea. Kapteni mstaafu aliyetaka kuwa karani wa forodha alifungiwa mlango.

Ikafuata miaka ya njaa. Tarehe 30 Juni 1932, uchumi ulipokuwa umeanguka, Rais Hoover alitia sahihi sheria ya kubana matumizi. Kifungu kimoja kilisema kwamba afisa mstaafu akiwa na kazi ya kiraia serikalini, malipo yake ya ustaafu pamoja na mshahara wake yasipite dola 3,000 kwa mwaka. Walioumizwa katika mapigano waliachwa nje ya sheria hiyo. Majira yale yale maelfu ya askari wa zamani wa Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa wamepiga mahema mjini Washington, wakidai walipwe mapema fedha walizoahidiwa kulipwa mwaka 1945. Tarehe 28 Julai wakafukuzwa kwa askari wa farasi, vifaru na moshi wa kutoza machozi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na si vema kuyachanganya. Lakini yalitokea ndani ya mwezi mmoja, katika mji mmoja, na huonyesha jinsi hazina tupu inavyowatazama watu waliokwisha kuitumikia.

Kikomo cha dola 3,000 kilidumu miaka 23. Vita vya Pili vya Dunia vilipita, vita vya Korea vikapita, bei za vitu zikapanda, na mwaka 1955 tu ndipo kikomo kikapandishwa kufika dola 10,000.

Sasa tunafika mwaka 1964, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa kuwa karibu kila jambo lililofuata lilizaliwa mwaka huo.

Vijana walioingia jeshini wakati wa Vita vya Pili walikuwa wanatimiza miaka 20 ya utumishi. Kwa kawaida miaka 20 ndiyo humpa askari wa Marekani haki ya kustaafu na kulipwa maisha yake yote. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 40 na kidogo, wenye nguvu na ufundi: warusha ndege, wahandisi, wataalamu wa rada, waganga. Serikali iliwahitaji katika idara zake za kiraia, lakini sheria za 1894 na 1932 ziliwafukuzia kwa makampuni ya binafsi. Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba kampuni iliyotengeneza makombora kwa fedha za serikali iliweza kumwajiri kanali mstaafu kwa mshahara wowote, naye asipoteze hata senti moja ya malipo yake ya ustaafu. Serikali yenyewe haikuweza.

Upande mwingine walikuwapo watumishi wa kiraia, nao walikuwa na kilio chao. Mtu aliyeanza ukarani akiwa na miaka 20, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, alimwona afisa mstaafu akiingia kutoka kambini siku ya Jumatatu akakalia kiti alichokuwa anakitarajia yeye. Mgeni huyo tayari alikuwa na malipo ya ustaafu. Miaka yake ya jeshi ilihesabiwa, hata akaanza kazi na likizo ya siku 26, sawa na mtumishi wa miaka 15. Na kazi zilipopunguzwa, karani ndiye aliyetoka kwanza, kwa sababu sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari wa zamani upendeleo. Tena palikuwa na minong'ono kwamba katika kambi fulani fulani nafasi ya kiraia huundwa au huachwa wazi kimya kimya, ikimngoja rafiki atakayevua sare mwezi ujao. Mimi nadhani kilio hicho kilikuwa cha haki. Anayeisoma historia hii kana kwamba ni ya askari kudhulumiwa na wanasiasa tu ameisoma nusu.

Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 19 Agosti 1964 ilijaribu kuwaridhisha wote, na kama ilivyo desturi ya sheria za namna hiyo, ilimkata kila mmoja mahali fulani. Zile za zamani juu ya mishahara miwili zilifutwa. Mstaafu akaruhusiwa kuajiriwa na serikali na kupata mshahara wote wa kazi yake mpya. Lakini ikiwa alikuwa afisa wa jeshi la kudumu, malipo yake ya ustaafu yangepunguzwa: angebaki na dola 2,000 za kwanza kwa mwaka, pamoja na nusu ya zile zilizozidi. Tuseme alistahili dola 5,000. Angepata 2,000, na nusu ya 3,000 zilizobaki, yaani 1,500, jumla 3,500. Dola 1,500 zingerudi hazina kila mwaka alipokuwa kazini. Kiwango cha 2,000 kiliruhusiwa kupanda kwa kadiri ya gharama za maisha.

Askari wasio maafisa hawakukatwa kitu, na hilo laeleweka, kwa kuwa malipo yao yalikuwa madogo. Lakini maafisa wa jeshi la akiba nao hawakukatwa. Hapa ndipo penye fundo. Katika jeshi la Marekani wako maafisa walioshika hati ya jeshi la kudumu, na wako walioshika hati ya akiba, na wengi wa hao wa akiba walikuwa kazini kila siku, mwaka hata mwaka, bega kwa bega na wenzao. Wawili waliweza kulala hema moja Korea, kurusha ndege moja, kupanda cheo pamoja na kustaafu siku moja baada ya miaka 20. Kilichowatenganisha kilikuwa karatasi. Walipoajiriwa tena kwenye ofisi moja ya kiraia, mmoja alipokea malipo yake yote ya ustaafu na mwingine akakatwa. Na mara nyingi aliyekatwa ni yule aliyejifunga na jeshi la kudumu tangu ujana wake, ambaye wengi wangesema amejitolea zaidi.

Kuhusu likizo, sheria hiyo ikatenganisha kati ya askari wa zamani na askari mstaafu. Katika utumishi wa kiraia wa Marekani likizo huongezeka kwa miaka ya kazi: siku 13 kwa mwenye chini ya miaka 3, siku 20 kwa mwenye miaka 3 hadi 15, na siku 26 kwa aliyefikisha 15. Mpango huu uliwekwa mwaka 1951. Askari aliyeliacha jeshi kabla ya kustaafu aliendelea kuhesabiwa miaka yake yote ya utumishi wa heshima. Lakini aliyestaafu alihesabiwa tu muda aliotumika wakati wa vita vilivyotangazwa, au katika kampeni ambayo serikali ilitoa nishani kwa ajili yake. Au basi awe amestaafu kwa sababu ya ulemavu uliotokana na mapigano au zana za vita. Waliokuwa tayari kazini tarehe 30 Novemba 1964 waliachiwa haki yao ya zamani maadamu hawakuiacha kazi.

Sasa twaweza kuwarudia wale wawili wa Tinker. Mtu wa taipu alikuwa na miaka 4 jeshini, hakustaafu, hivyo miaka yote 4 ilihesabiwa: amepita 3, apewe siku 20. Sajini alikuwa na miaka 20, lakini 19 kati yake ilikuwa ya kulinda, kufundisha, kutengeneza magari na kungoja. Ni mwaka mmoja tu wa Vietnam ulioingia katika hesabu: hajafika 3, apewe siku 13. Ni kweli kwamba sajini ana malipo ya ustaafu na mwenzake hana. Mtetezi wa sheria angetukumbusha hilo, na angekuwa na haki. Lakini likizo si fedha ya uzeeni. Ni siku ambazo baba yuko nyumbani mtoto wake anapokuwa mgonjwa. Na mke wa sajini, aliyehama naye kambi baada ya kambi kwa miaka 20, alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini familia ya jirani ina wiki nzima na zaidi ya kuwa pamoja kuliko yake.

Mambo mengine mawili ya mwaka 1964 nitayataja kwa ufupi. La kwanza ni kwamba mstaafu alikatazwa kuajiriwa katika kazi ya kiraia ya Wizara ya Ulinzi kabla ya siku 180 kupita tangu astaafu, isipokuwa kwa kibali maalumu. Hiyo ilikuwa dawa ya ile minong'ono ya nafasi kuwekewa marafiki. La pili lilitoka katika sheria nyingine ya mwaka ule ule, iliyopanua mafunzo ya kijeshi katika shule za sekondari. Walimu wake walikuwa askari wastaafu, na kwa miaka mingi walilipwa kwa hesabu hii: shule humpa mwalimu tofauti iliyopo kati ya malipo yake ya ustaafu na mshahara ambao angepata kama angekuwa bado jeshini, na jeshi huirudishia shule nusu ya tofauti hiyo. Hebu pigeni hesabu. Aliyestaafu baada ya miaka 20 alikuwa na nusu ya mshahara wake wa msingi kama malipo ya ustaafu. Aliyestaafu baada ya miaka 30 alikuwa na robo tatu. Kwa hiyo, wakiwa na cheo kinachokaribiana, yule aliyetumika miaka 10 zaidi ndiye aliyepewa fedha kidogo zaidi na shule kwa kufundisha darasa lile lile. Mwisho wa mwezi mifuko yao ilikaribia kulingana. Lakini ujira wa kufundisha haukulingana kamwe.

Mwaka 1978, katika utawala wa Rais Carter, kamba ilikazwa tena. Kwa wote waliostaafu baada ya tarehe 11 Januari 1979, wa kudumu kwa wa akiba, jumla ya malipo ya ustaafu na mshahara wa kiraia haikuruhusiwa kuupita mshahara wa ngazi ya tano ya wakuu wa serikali. Sheria hiyo hiyo iliwaondolea upendeleo wa ajira wastaafu wenye cheo cha meja na zaidi, ila wenye ulemavu.

Wakati huo huo, mahakamani, hoja ya Tyler ilikuwa inaanza kuoza mizizi. Jimbo la Kansas lilikuwa linatoza kodi malipo ya wastaafu wa jeshi, lakini halikuwatoza wastaafu wa jimbo lenyewe. Lilipoulizwa sababu, lilijibu kwa maneno ya mwaka 1882: mstaafu wa jeshi bado yumo kazini, anacholipwa ni mshahara, na mshahara hutozwa kodi. Mwaka 1992, katika shauri la Barker, Mahakama Kuu iliikataa hoja hiyo. Kwa ajili ya kodi, ikasema, malipo hayo ni ujira ulioahirishwa, wa kazi iliyokwisha kufanyika. Mahakimu walikuwa wanaamua juu ya kodi tu. Lakini ukikubali kwamba malipo ya ustaafu ni deni la kazi ya jana, mstaafu anayefanya kazi leo hana mishahara miwili hata kidogo. Ana mshahara mmoja na deni moja linalolipwa. Na hakuna anayemkata mdai wake kwa sababu tu amepata kazi.

Miaka saba baadaye Bunge likafanya hivyo. Katika sheria ya ulinzi iliyotiwa sahihi na Rais Clinton tarehe 5 Oktoba 1999, makato ya 1964 na kikomo cha 1978 vilifutwa pamoja, kuanzia tarehe 1 ya mwezi huo. Hakuna aliyerudishiwa alichokatwa nyuma. Afisa aliyefanya kazi ya kiraia kuanzia 1965 hadi 1985 alikuwa amekwisha kulipa, miaka 20 mfululizo.

Kile kizuizi cha siku 180 kilisimamishwa kwa sababu ya hali ya hatari iliyotangazwa baada ya mashambulio ya Septemba 2001, kikabaki kimesimamishwa miaka 15, kisha kikarudishwa na Bunge mwezi Desemba 2016. Wastaafu wengi walilalamika. Lakini katika miaka hiyo 15 milango ilikuwa wazi mno, na watumishi wa kiraia waliokuwa wakisubiri kupanda ngazi walikuwa na la kusema pia.

Na likizo je? Hapa wengi hushangaa. Yaliyoondolewa mwaka 1999 ni makato ya fedha. Kanuni ya likizo haikuguswa. Hata katika karne hii, sajini wa miaka 20 ya amani anapoingia katika karakana ya jeshi huanza kuhesabiwa tangu sifuri, na kijana wa miaka 4 huanza na 4. Mwaka 2004 sheria mpya iliufungua mlango kidogo: mkuu wa ofisi aweza, akipenda, kumhesabia mwajiriwa mpya miaka ya jeshi isiyohesabika kwa kawaida, ikiwa ujuzi alioupata huko wahusiana moja kwa moja na kazi anayopewa na ofisi inamhitaji sana. Fundi wa injini anayekuja kutengeneza injini zile zile ana hoja nzuri.

Ila kuna sharti. Uamuzi huo lazima uwe umekubaliwa na kuandikwa kabla ya siku yake ya kwanza kazini. Asiyejua kwamba kitu hicho kipo hakiombi. Huingia, hukaa mezani, na wiki ya pili mwenzake humwambia wakati wa chakula cha mchana kwamba alikuwa na haki ya kukiomba. Wakati huo huwa ameshachelewa, kwa kuwa sheria hairuhusu kurudi nyuma, naye ataanza na siku zake 13.